Sauti ya Binti Kengele

Haidari Gharibu anaweza kuwa jitu, bibi kizee, mbwa na mvua, vyote ndani ya dakika moja, na bado akamuuliza mteja anataka nyimbo gani kwenye memori kadi yake. Kibondo nzima inamjua kwa jina la DJ Haidari. Duka lake liko jirani na soko: chumba kimoja, kompyuta, maiki, na godoro kuukuu alilolitundika ukutani ili kelele za bodaboda zisiingie kwenye rekodi. Kazi yake ni kutafsiri katuni za Kijapani. Anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya kioo, anayasema kwa Kiswahili, kisha watu wanakuja na flashi zao.

Na akitafsiri, hutia chumvi. Katika kazi hiyo si kosa. DJ asiyetia chumvi huishia kujitafsiria mwenyewe. Mashujaa wake hula ugali wa muhogo na dagaa, na mashetani yake hulalamikia vumbi la barabara. Watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Lakini chumvi ndiyo hiyo hiyo inayokoleza mchuzi na kuuharibu, na Haidari aliuharibu kwa mkono wake.

Divine Niyonsaba alikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza cha jirani. Wazazi wake walitoka Burundi wakiwa wakimbizi, wakapewa uraia wa Tanzania. Yeye mwenyewe alizaliwa Mabamba na hajui nchi nyingine. Alikuwa mpole kupita kiasi, wa kujibu wateja huku macho yakiwa kwenye sindano. Siku moja akaingia dukani, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka Haidari, samahani. Yule msichana umempa sauti ya mbuzi."

Haidari akacheka. "Basi mpe wewe ya binadamu."

Alisema kwa utani. Divine akaishika maiki, na utani ukaishia hapo.

Msichana mwenyewe ni wa katuni ya kijiji kimoja cha mlimani. Mazimwi yakishuka, yeye ndiye anayepaswa kupaza sauti mpaka kengele kubwa ya mlima iitikie na kuyafukuza. Balaa ni kwamba anaiogopa sauti yake, maana utotoni walimcheka. Ana rafiki mmoja, kijana mwanagenzi wa mhunzi, asiye na nguvu wala uchawi wowote. Kazi ya kijana huyo katika hadithi yote ni kusimama nyuma ya msichana, kumwekea kiganja mgongoni, na kumwambia, "Nipo." Haidari aliwabatiza Binti Kengele na Fundi. Yeye akawa Fundi, Divine akawa Binti.

Ndani ya chumba kile chenye godoro, Divine aligeuka mtu mwingine. Binti akilia, ulimsikia analia kweli. Akifoka, ulitaka kuomba radhi. Sauti ilipomkwama, Haidari aligonga meza kwa kidole, mara mbili, naye akaendelea. Hawakupanga wala kupatana juu ya jambo hilo. Lilizuka tu, likawa desturi yao.

Rekodi zao zikasafiri. Mwenye banda kubwa la video kule Kasulu, mtu mmoja aitwaye Marselino, akapiga simu: njooni Jumapili mchana mtafsiri sehemu ya mwisho mbele ya watu, laivu. Wakiwapenda, kazi zenu zote nitazionyesha hapa. Haidari alirukaruka kama ndama. Divine akaacha kushona.

"Mbele ya watu mimi sitaweza, kaka."

"Kwani mimi nitakuwa wapi? Ukikwama nitagonga meza."

"Ego," akasema. Ndiyo. Kwa ahadi hiyo moja ya Haidari, akapanda basi la Kasulu.

Banda lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Haidari alianza vizuri, akapigiwa miluzi. Ikafika zamu ya Binti Kengele. Divine alisema sentensi ya kwanza, ya pili, na lafudhi ya kwao ikatoka pamoja na hofu. Mtu mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Huyo Mrundi kaingiaje?" Kicheko kikaanza pembeni, kikatambaa.

Divine akanyamaza. Kwenye kioo Binti naye alikuwa amenyamaza, mazimwi yanakuja. Divine akageuka kumtazama Haidari. Alikuwa anakitazama kile kidole cha kugongea meza.

Kidole kile kilikuwa juu ya meza. Kuinuka na kushuka, basi. Lakini Haidari alimwona Marselino mlangoni amekunja uso, akahisi banda lote linamponyoka. Kwenye kioo Fundi akaweka kiganja mgongoni pa Binti. Maandishi yakapita chini, meupe, wazi kabisa: Nipo nyuma yako. Usiiogope sauti yako. Haidari aliyasoma. Akafungua mdomo, na kwa sauti ya Fundi akasema, "Binti Kengele, au kitambulisho umekiacha mpakani?"

Banda lilipasuka. Watu walipiga benchi, wengine wakasimama. Marselino alicheka hadi akajifuta machozi. Divine aliweka maiki chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akakaa. Haidari alimaliza sauti zote mbili peke yake, na alishangiliwa sana.

Basi la kurudi lilikuwa linakaribia Kibondo.

"Fundi hasemi vile," Divine akasema.

"Ni utani tu, dada. Sisi Waha na utani, wewe si unajua?"

"Mimi Kiingereza nilisoma, kaka. Nimeona alichosema."

Mdomo uliomlisha Haidari ndio uliomponza. Kabla mwezi haujaisha, cherehani ya Divine ilikuwa imefungwa kwenye bodaboda kurudi Mabamba. Marselino aliendelea kupiga simu. Haidari akaacha kupokea.

Alikawia kumfuata, na katika yote hayo ndilo linalomchoma zaidi, kwamba alijipa muda akidhani hasira zitapoa. Alipofika Mabamba, mama yake Divine alimkaribisha vizuri, akampa maharage na ndizi, akamwambia bila ukali, "Kwaya bado anakwenda, baba. Lakini anaimba kwa midomo tu. Nakaa karibu naye, simsikii."

Divine akatoka ndani, akamsalimu kwa heshima. Haidari akaomba msamaha, maneno yakimwagika ovyo, yeye anayeishi kwa maneno. Akamwomba warudie ile sehemu, chumbani, bila watu, neno kwa neno kama ilivyoandikwa.

"Sina hasira nawe, kaka Haidari," Divine akasema. "Wale kunicheka nilishazoea tangu shule. Ila sasa nikifungua kinywa, sauti ninayoisikia ni yako."

Haidari akarudi Kibondo na flashi ya katuni ile mfukoni.

Sehemu ile aliirudia peke yake. Safari hii Fundi anasema yaliyoandikwa, bila chumvi hata chembe: nipo nyuma yako, usiiogope sauti yako. Baada ya hapo kinasikika kidole kinagonga meza, mara mbili. Kisha kimya. Binti Kengele anafumbua kinywa mlimani, mazimwi yanarudi nyuma, kengele inatikisika, na hakuna sauti.

Wateja huirudisha. Juzi tu Nurudini, muuza viatu, aliiweka flashi mezani kwa hasira. "DJ, hii mbovu. Msichana hasikiki. Si ujaze mwenyewe? Unaweza sauti zote wewe!"

"Hiyo siiwezi," Haidari akasema, akamrudishia flashi yake.