Medali Zilizosuguliwa kwa Ukwaju

Wiki iliyopita nilishuka Houston kutoka Lewisville, nikapita mtaa wa Alief kununua ukwaju. Nilipoufungua ndani ya gari, ile harufu chachu ikajaa kote. Nikazima injini, nikakaa tu pale nje ya duka. We acha, ndugu yangu, kuna mambo mtu hayamalizi hata akiwa mtu mzima.

Mwaka 2017 nilikuwa msichana mdogo, tunaishi fleti ya ghorofani hapo Alief. Kila Jumamosi Baba alinitia garini, tukazunguka kwenye minada ya vitu vya nyumba za marehemu kutafuta medali za kale za Urusi. Si za vita. Alipenda zile ambazo wafalme wa huko waliwapa raia: mfanyabiashara, mzee wa kijiji, mwalimu. Zilikuwa za fedha, upande mmoja uso wa mfalme, upande wa pili maandishi ambayo Baba alinisomea kwa Kirusi, kisha kwa Kiswahili: kwa bidii. Alizihifadhi kwenye kopo la biskuti, kila moja kaifunga kitambaa. Aliniambia nizishike pembeni na nisizifute abadan, kwani ule weusi ndio umri wake, na ukiutoa hakuna mkusanyaji atakayezitaka.

Ujanani Baba alipelekwa Urusi kusomea uinjinia. Hakumaliza. Nchi ile ilisambaratika, ufadhili ukakatika, akatangatanga mpaka akafika Texas, akawa dereva wa kupeleka wagonjwa kliniki. Kwao Unguja hawakujua. Bibi, mama yake mzazi, aliamini mwanawe ni injinia, na Baba hakupata moyo wa kumwambia vingine.

Mwaka 2018 Bibi akaja kututembelea, Ramadhani imekaribia. Nyumba nzima ikanuka iliki na tambi za sukari. Alikuwa mkali, hapatani na vumbi wala uvivu, na nikimjibu kwa Kiingereza ananikata jicho. Siku ya kuamkia Idi, kama wafanyavyo kwao, alikusanya kila chenye kung'aa akisugue: birika la shaba, bangili zake, vijiko. Kabatini akakutana na lile kopo.

Baba aliporudi kazini, medali zilikuwa zimepangwa juu ya taulo jeupe, zimesuguliwa kwa ukwaju na majivu ya jiko la mkaa la kuchomea nyama, zinawaka. Mfalme mmoja kabakia pua tu. Nikajua leo patachimbika. Lakini Bibi alikuwa analia.

"Mwanangu, Warusi wamekutunuku zote hizi, na usiniambie?"

Baba alisimama na funguo mkononi. Ilikuwa zamu yake kusema kwamba ni za kununua, za watu waliokufa zamani, na kwamba yeye si injinia. Akaziweka funguo mezani.

"Sikutaka kujisifu, Mama," akasema.

Kesho yake Bibi alimbandika moja kifuani, juu ya kanzu, na Baba akaenda nayo kuswali Idi. Watu wakampa mkono na kumpongeza; yeye macho yako kwenye zulia. Iliniuma sana kumwona vile. Bibi alipoondoka kurudi Unguja alizichukua zote, akazitundike sebuleni kwake watu wazione. Baba hakununua nyingine. Jumamosi zikawa za kulala mpaka adhuhuri, na mimi nikazoea kutomwuliza.

Korona ilipofunga viwanja vya ndege, Bibi alifariki. Baba hakuweza kwenda kumzika. Jirani yake Bibi alitupigia simu ya video siku ya khitma, akaiegemeza mahali, tukawa tunaona sebule, watu, na medali ukutani. Mwanamke mmoja, asijue kwamba tunasikia, akamwambia mwenziwe, "Injinia mzima, na hayo manishani yote, kashindwa kuja kumzika mamake."

Baba akanifanyia ishara niikate simu. Nikaikata. Akaendelea kukitazama kile kioo kilichozimika, kisha akasema taratibu, "Mama, mimi ni dereva."

Fleti ile sasa wanakaa wengine, medali sijui nani kazirithi, na Kirusi sijamsikia Baba akikisoma tena. Neno lile alilisema mara moja tu, na upande wa pili hapakuwa na mtu.