Siku Syombua Alipompiga Shemeji Yake

Syombua Nzuki alitunza bustani ya hoteli moja kando ya barabara ya Mombasa, mbele kidogo ya Sultan Hamud. Alianza kazi hiyo mwaka 1969, wiki mbili baada ya kumzika mumewe. Katika miaka minne, ardhi ile kavu akaigeuza: nyasi zimekatwa sawasawa, bogenvilia zimechanua, njia zimepangwa mawe yaliyopakwa chokaa.

Agosti 1973 akawaalika akina mama wa kwaya ya kanisa lake waje kutembea. Wakaizunguka bustani asubuhi nzima, wakasifu mpaka akaona haya. Kisha akawapandisha kilima kilichokuwa nyuma ya hoteli, awaonyeshe makaburi ya kale. Yalikuwa marundo ya mawe, na hata nyanya yake hakujua humo walizikwa watu gani.

Walikuta marundo mawili yamebomolewa. Juu ya la tatu alisimama Mulei, mdogo wa marehemu mumewe, kifua wazi, mtaimbo mkononi. Miguuni pake fuvu la mtu lilikuwa limepasuka.

"Mulei, unafanya nini?"

"Kazi. Mwenye hoteli anataka mawe."

"Hapa watu wamezikwa!"

Mulei akacheka. "Shemeji, usijifanye hujui. Yale ya njia zako ulifikiri yalitoka wapi? Wewe mwenyewe unayapaka chokaa kila Krismasi."

Syombua akapanda akaushika ule mtaimbo. Mulei akamsukuma, akaanguka chali. Akainuka, akaushika tena. Safari hii Mulei aliuinua na kumpiga nao mkono wa kulia, na wale akina mama wakasikia mfupa ukivunjika.

Syombua hakulia. Aliokota jiwe kwa mkono wa kushoto akampiga nalo usoni. Mulei akapiga magoti, damu ikimtoka jichoni. Syombua akampiga tena. Na tena.

"Syombua, utaua!" Mama Mbuvi, kiongozi wa kwaya, alimkumbatia kiunoni kwa nyuma. "Mwache!"

"Niacheni nimalize."

Walihitajika wanawake watatu kumng'oa pale.

Wote wawili walipelekwa hospitali kwa pikapu moja, wamelazwa ubavu kwa ubavu. Njia nzima Mulei alilia akimwita kaka yake aliyekufa. Jicho halikupona. Mkono wa Syombua uliunga vibaya, ukabaki umepinda. Wazee wa ukoo waliamua jambo hilo lisifike kortini, na hoteli ikamfukuza kazi.

Kanisani alipokewa kama shujaa. Jumapili moja Mama Mbuvi alimsimamisha apigiwe makofi kwa kuwatetea wafu. Syombua akainua mkono mzima kuwanyamazisha.

"Sikuwa natetea mtu," alisema. "Jiwe la kwanza nilipiga kwa uchungu. Lakini la pili na la tatu nilitaka afe. Na nilifurahia."

Hakuna aliyepiga makofi. Alichukua kitenge chake akatoka.

Mvua za Novemba zilipoanza, alikwenda kwa Mulei na jembe begani. Mulei alikuwa bado hawezi kulima. Akiinama tu kichwa kilimgonga. Mkewe alisimama mlangoni akamtazama Syombua, hakumsalimu. Syombua akaingia shambani, akaanza kulima kwa mkono mmoja, polepole, mstari wa kwanza wa mbaazi. Kesho yake akarudi. Ilikuwa siku ya tisa ndipo yule mke alipomletea maji ya kunywa, akayaweka chini karibu naye, akaondoka.