Gurami wa Mama Wilbert

Bagara nzima, pale Babati mjini, ilijua kwamba Antonia, mama yake Wilbert, hashindwi na ugomvi. Tangu Babati ikiwa wilaya tu ya mkoa wa Arusha, mume na mke wakikosana, au mke na mama mkwe, walipelekwa kwake. Anawakalisha kwenye kochi moja, anawapa chai ya maziwa, na hawatoki mpaka wapatane. Dawa yake ilikuwa hiyo hiyo: kukaa pamoja. "Ukitenganisha wagomvi umewafundisha kukimbia," alikuwa akisema, na nani ambishie, wakati chai yake anainywa?

Kwa hiyo binti yake Edda, muuguzi, alipohamishiwa Singida akamwachia tangi la kioo la samaki wa mapambo, Antonia hakuona kazi. Samaki wenyewe wanaitwa gurami, wa makabila manne, waliletwa na basi kutoka Arusha ndani ya mifuko ya nailoni. Wapo wa lulu, wenye vidoa vyeupe mwili mzima. Yupo wa asali, mdogo, rangi ya dhahabu. Yupo dume la bluu lenye doa jeusi ubavuni. Na wapo wawili weupe, midomo minene, ambao kutwa kucha walikuwa wanabusiana.

"Mama, huyo wa bluu mtazame, ana ubabe," Edda aliaga akiwa mlangoni. "Na majani usiyatoe. Wadogo wanajificha humo."

"Wajifiche nini? Kwangu kuna mwizi?"

Edda hajafika hata Katesh, Antonia alishakunja mikono ya gauni. Yeye aliyepalilia maharage tangu hajaota meno ya pili, akae na magugu sebuleni, wageni waone? Akayang'oa majani yote ya tangi, mzizi kwa mzizi, akawatupia kuku. Tangi likang'aa kama kikombe cha padri.

Asubuhi akakuta povu limejikusanya juu ya maji, kwenye kona. Akachukua upawa akaliengua, kama anavyoengua povu la maharage jikoni. Kesho yake povu limerudi. Akaengua. Likarudi tena, akaengua tena, akasema samaki huyu na yeye tutaona nani atachoka. Basi dume la bluu likawa kama limepandwa na kichaa. Likamfukuza wa asali kutoka kona hii mpaka kona ile, na maskini hana pa kuingia.

Antonia aliona, lakini alisema watazoeana. Kwenye sala ya jumuiya akasimama kabisa mbele ya watu akamgeukia Conjesta, mama yake Laurian, aliyekuwa hasemeshani na mkwe wake Joyce kwa sababu ya jiko. Joyce akibandika chungu, Conjesta anafunua na kuongeza chumvi. Joyce akiongeza maji kupunguza chumvi, Conjesta anauliza nani kamfundisha kupika ziwa.

"Kwangu kuna makabila manne kwenye maji ya ndoo chache, na wanaishi," Antonia aliwaambia. "Ninyi wanawake wawili na nyumba nzima mnashindwa? Njooni Jumamosi, mwone wale weupe. Mtajifunza kupendana."

"Ziwa lipo hapo chini limejaa samaki," Conjesta alinong'ona kwa jirani yake, kwa sauti ya kusikika, "mtu anakwenda kuwaabudu sebuleni."

Siku moja kabla ya Jumamosi, wa asali akaonekana mkia umechanika. Antonia akapiga simu Singida, akaeleza yote, na povu pia.

"Mama! Povu hilo ni kiota! Dume anakijenga kwa mate yake, ndipo mayai yanapokaa."

"Kwa hiyo kila asubuhi nabomoa nyumba ya mtu?"

"Ndiyo, Mama. Lazima awe mkali."

"Haya. Lakini wale weupe wanaobusiana, hao si wanapendana?"

"Hao? Wanapigana, Mama. Wanasukumana midomo wajue nani mbabe."

Antonia akakaa chini. "Kutwa yote ile?"

"Kutwa yote. Na majani bado yapo?"

"Mtandao huku unakatikakatika," Antonia alisema, akakata simu.

Usiku ule mawazo yake yote yalikuwa kwa Conjesta. Jina alilolijenga miaka yote hii, litabomolewa na kitoweo?

Jumamosi watu walipofika, tangi lilikuwa limefunikwa kitenge.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina. Karibuni, kaeni huku, huku."

Conjesta hakukaa huku. Alikaa kando ya tangi, mkwe wake kochi la pili, na Laurian katikati yao akiangalia mlango. "Mama Wilbert," Conjesta alisema, "tumekuja kuona mapenzi, na wewe umeyafunika?" Akavuta kitenge.

Dume la bluu likashtuka, likamrukia wa asali. Wa asali akazunguka mara moja, akakosa njia, akaruka juu kama bisi kikaangoni na kutua mapajani kwa Conjesta.

"Uwii! Ananing'ata! Laurian, nakufa!"

Laurian alipanda juu ya kochi. Antonia akamkamata samaki kwa viganja vilivyolowa, akachota maji ya tangi kwenye beseni la plastiki, akamweka humo peke yake. Samaki akatikisa mkia, akapanda juu akavuta hewa, kisha akala punje ya chakula aliyorushiwa.

Joyce alikuwa ameinama juu ya beseni. "Mama Wilbert," alisema taratibu, "na mimi naomba beseni."

Watu walicheka mpaka rozari zikaanguka. Conjesta peke yake hakucheka. "Umeshindwa na samaki, Mama Wilbert. Sisi utatuweza?"

Kila jicho likamgeukia Antonia. Akajifuta mikono kwa upande wa kitenge, polepole, kama mtu mwenye hoja.

"Walinishinda nilipowabana pamoja," alisema. "Hawa weupe mnaosikia wanabusiana, wanapigana. Nami majani niliyang'oa, mnyonge akakosa pa kukaa. Sasa mtazameni kwenye beseni, anakula. Conjesta, kile chumba cha mbele unachowekea mahindi kina mlango wake na dirisha lake. Joyce apike humo. Chumvi yake usiiguse."

"Na mwanangu akipikiwa vibaya?"

"Atakula kwako Jumapili."

Laurian akashuka kwenye kochi. Ndilo neno lake la kwanza siku ile: "Jumapili na Jumatano."

Conjesta alikunja uso, akaangalia beseni, akamwangalia mkwewe, akairudia chai yake iliyoanza kupoa. Akanywa funda refu.

"Mahindi yenyewe magunia kumi na mawili," alisema. "Nani atayabeba?"

Wote wakamtazama Laurian.