Mbwa wa Guniani

Mume wangu Simai alipata kazi ya kumfundisha mbwa kulala. Ndiyo, mbwa. Kulala. Hapa kwangu Bwejuu nnaye yeye mwenyewe Simai, miaka ishirini na mbili akishasali adhuhuri analala mpaka alasiri, na hakuna aliyemfundisha.

Mwaka huo, tisini na saba, Bi Karla, Mzungu mwenye hoteli ya makuti pale ufukweni, alikuwa na mbwa mkubwa asiyejua haya, jina lake Bruno. Mgeni akishuka garini tu, Bruno kifuani kwake. Basi Simai, bawabu wa pale, akaambiwa ahakikishe mbwa analala pembeni na kutulia wageni wanapofika, ama si hivyo atatafutwa bawabu mwengine.

Na Simai wangu mtu wa dini. Mbwa akimlamba, lazima ajitwaharishe, majosho saba, moja la udongo. Maji nani anayateka kisimani? Mie, Amne. Wiki ya kwanza alilambwa mara nne. Nikamwambia, "Bwana wee, ukilambwa tena, lala hukohuko na mwenzio!"

Ndipo akili ikamjia. Akatandika gunia tupu la mwani karibu na mlango wa hoteli, akachomeka kipande cha pweza kwenye ncha ya ufito mrefu, akawa anamwongoza mbwa kwa mbali, hamgusi. "Guniani!" Akilala, anapewa. Akinyanyuka, hapati. Profesa Simai! Na pweza huyo ni wangu, niliyemchokoa mwenyewe miambani maji yalipotoka, jua la utosi. Mie nalaumu paka kwa minyiri, ile mikono ya pweza, inayopungua chunguni, kumbe mwizi ni mume wangu na kofia yake ya viua. Nilimrushia mwiko.

Lakini mwiko si kitu, aibu ndiyo iliyoniuma. Mwanangu Tabia alikuwa anaposwa na watu wa Mkokotoni, watu na heshima zao. Ntamwambiaje mshenga kwamba baba wa bibi harusi anashinda na mbwa? Nikasema baba yake ni msimamizi wa hoteli. Simai alisikia. Siku tatu hakunitania.

Siku ya posa wakaja wazee watano, wakakaa uani kwenye mikeka, mkubwa wao Bwana Ubwa, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Jikoni pweza wa nazi anatokota. Hata kahawa haijamiminwa, lahaula! Bruno huyo, kipande cha kamba shingoni, kafuata harufu ya pweza mpaka uani kwangu, ulimi nje.

"Astaghfirullah!" Wazee wakakusanya kanzu zao, mmoja kakumbatia viatu. Mbwa angemgusa hata mmoja tu, wangenyanyuka wote wakajitwaharishe, na posa ya mwanangu imekwenda na maji. Nikamtazama Simai. Kakauka. Neno moja tu lilitakiwa, naye halitoi. Hakuwa anamtazama mbwa, alikuwa ananitazama mie. Alikuwa anaulinda uongo wangu.

Nikachomoa gunia langu la mwani lililotundikwa ukutani, nikalibwaga chini. "Guniani!"

Mbwa akasimama. Akalitazama gunia, akanitazama mie. Akalipanda, akazunguka mara moja, akalala, kidevu juu ya miguu.

Bwana Ubwa akashusha kanzu pole pole. "Bi Amne, mbwa huyu wa nani?"

Simai akainamisha kichwa, anangoja uongo wa pili.

"Wa hotelini, mzee wangu. Mume wangu ni bawabu pale, na ndiye anayemfundisha. Hiyo ndiyo kazi yake."

"Na hamgusi?"

"Hamgusi. Anatumia ufito, na pweza wangu."

Mzee akamtazama mbwa, akamtazama Simai. "Nna wajukuu tisa," akasema, "hata mmoja hajapata kunitulilia namna hii. Haya, bwana, tuzungumze lililotuleta."

Nikenda jikoni, macho yananiwasha, nikasingizia moshi. Nikakata mnyiri mnene kuliko yote wa pweza wa wageni, nikauchomeka kwenye ufito, nikampelekea Simai ampe mwanafunzi wake. Kofia yake ilikuwa imekaa upande. Nikaiweka sawa mbele ya watu wa Mkokotoni wote.