Neno "draft" lilinitoa Singida mjini hadi shambani Ihanja, nikakuta maksai wawili wanagombania upande

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa asubuhi na wa jioni.

Ninachosimulia hapa nimekishuhudia kwa macho yangu, na matope yake bado yapo kwenye viatu vyangu. Nimebadilisha majina ya watu tu. Ya ng'ombe nimeyaacha yalivyo.

Mimi ni mwandishi wa riwaya. Bado sijatoa kitabu, ila naandika. Hapa Singida mjini tuna kikundi chetu cha vijana, tunakutana Jumamosi mchana nyuma ya duka la vifaa vya shule, kila mtu anasoma alichoandika na wenzake wanamchambua bila huruma.

Jumamosi moja dada mmoja alianza kusoma, akasema kama tunavyosema wote, "Jamani, hii ni draft tu, msinicheke."

Mwenye duka, Mzee Seif, alikuwa mlangoni anapunga upepo. Mzee huyu akishafunga hesabu zake ni mchezaji mkali wa drafti. Akageuka.

"Hivi nyie, drafti si tunacheza sisi? Nyie mnaiandikaje?"

Tukacheka. Halafu tukaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe.

Tuna shahada pale, wakuu. Tuna mwalimu wa Kiingereza pale. Swali likatushinda.

Nilirudi nyumbani na lile swali kama mchanga ndani ya kiatu. Nikaanza kuchimba kwenye kamusi, moja baada ya nyingine. Nikakuta kumbe Waingereza wanaliandika kwa namna mbili, draft na draught, lakini ni mtoto yule yule mwenye mashati mawili.

Kuna draft ya mwandishi. Kuna draughts, mchezo wenyewe. Kuna bank draft. Kuna draught beer, ile bia inayotoka kwenye bomba. Kuna draught ya upepo unaopenya chini ya mlango na kukupiga miguuni. Kuna draught ya meli, yaani kina inachozama majini. Wanaofuatilia kikapu cha Marekani wanajua draft ya kuchagua wachezaji. Na jeshi nalo lina draft yake, ya kuchukua vijana kwa lazima.

Nikajiuliza, hivi hawa watu waliishiwa maneno?

Nikaendelea kushuka hadi kwenye mzizi. Huko chini nikakuta kitu kimoja tu: kuvuta.

Neno la zamani lenye maana ya kuvuta, ndugu wa damu wa "drag" na "draw". Bia inavutwa kutoka kwenye pipa. Upepo unavutwa na tundu. Kijana anavutwa jeshini. Pesa inavutwa benki. Mstari unavutwa kwenye karatasi, ndiyo maana mchoro wa kwanza ni draft, na andiko la kwanza likarithi jina. Hata kwenye drafti, zamani kila hatua ya kete iliitwa draught, kwa sababu mchezaji anaivuta kete ubaoni.

Wakuu, nilisimama peke yangu chumbani nikatembea huku na huku. Wapo watu wanaofurahia goli. Mimi nilifurahia hilo.

Ila kulikuwa na maana moja iliyonikaa zaidi ya zote. Draught animals. Sisi tunawaita wanyamakazi. Mswahili akimtazama ng'ombe wa kulima anaona kazi, Mwingereza anaona mvuto. Nikawaza, nimelala na neno hili wiki nzima, lakini sijawahi kusimama karibu na mnyama anayevuta nikamwangalia kwa makini.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshagusa ardhi. Nikampigia simu mama mkubwa wangu, dada yake mama, anakaa Ihanja, wilaya ya Ikungi.

"Mama mkubwa, shikamoo. Nataka kuja kuona mnavyolima na ng'ombe."

"Marahaba. Njoo uone nisivyolima," akajibu, akakata simu.

Nilimkuta kwenye shida ya kweli.

Alikuwa na maksai wawili, Dereva na Konda. Majina hayo aliyatoa marehemu mume wake, kwa sababu mmoja alikuwa anaongoza na mwingine analalamika. Kiangazi kilichopita Konda akapata ndigana, ugonjwa wa kupe, akafa. Dereva akabaki peke yake, na ng'ombe mmoja hakokoti plau.

Shamba lake ndilo linalomlisha yeye na wajukuu alioachiwa. Uwele, mtama, na alizeti kidogo ya kuuza. Mvua ikishalainisha ardhi unatakiwa uingie upesi, maana jua likirudi udongo unakuwa kama sakafu. Trekta lilikuwepo Ikungi, lakini foleni yake ilikuwa ya wenye uwezo.

Huku kwetu kuna njia. Mwenye ng'ombe mmoja anamtafuta jirani mwenye ng'ombe mmoja, wanafungwa nira moja, wanalima mashamba yote mawili.

Na jirani alikuwepo. Mzee Ntandu, rafiki wa marehemu, yeye na mama mkubwa wanaitana shemeji. Yeye maksai wake mmoja aliondoka na mahari ya mtoto wake wa kiume. Mkwe amefika nyumbani, ng'ombe hayupo. Akabaki na mmoja, dume pana la rangi ya majivu, jina lake Meneja.

Wakakubaliana. Waliulizana kuhusu afya, umri, hata tabia ya kupiga mateke. Asubuhi yangu ya kwanza pale, tukawafunga nira.

Wakuu, sijawahi kuona kitu kama kile.

Dereva alimsukuma Meneja kwa bega. Meneja akamsukuma Dereva. Kila mmoja alikuwa anakazana kuelekea kulia. Plau ikavutwa kiubavu, ikalala. Wakazunguka kama watu wanaogombania mlango, na mimi niliyekuwa mbele na kamba nikazungushwa nao.

Mzee Ntandu akaachia mikono ya plau. "Shemeji! Huyu wako analima upande gani?"

"Kulia! Si anatembea mferejini?"

"Na wangu kulia!"

Wakatazamana.

Nieleze kwa wasiojua, maana na mimi sikujua. Plau inamwaga udongo upande wa kulia. Ng'ombe wa kulia anatembea ndani ya mfereji uliokatwa mzunguko uliopita, wa kushoto anatembea juu, kwenye ardhi ngumu. Wanafundishwa hivyo tangu wakiwa vijana, na kila mmoja anaushika upande wake kama mtu anavyoshika upande wake wa kitanda. Watu hawa wawili, wamelima maisha yao yote, waliulizana kila kitu isipokuwa hicho. Kila mmoja alimtazama wa kwake akaona ni wa kulia, akamtazama wa jirani akaona ni yule anayekosekana.

Nikauliza kwa nini mmoja asihamishiwe tu kushoto.

Mama mkubwa akanitazama kwa subira. "Mwanangu, ukishamhamisha amehama. Mwakani nikitafuta wa kulingana na Dereva, wote huwa wanauza wa kushoto. Nitampeleka wapi?"

Mzee Ntandu alikuwa na hoja hiyo hiyo. Wakabishana kwa Kiswahili, ubishi ulipowaka moto wakahamia Kinyaturu, nikabaki nadaka maneno nusu nusu. Mwishowe mzee akamfungua Meneja, akaondoka naye.

Jua likawaka siku ile na siku iliyofuata. Mama mkubwa aliinama shambani, akachukua bonge la udongo, akalivunja kwa vidole. Lilivunjika kwa shida. Jioni tulikula ugali na mlenda, wajukuu nao walijua ni siku ya kutocheka sana.

Kesho yake alasiri tulikwenda kusaga pale senta. Nje ya mashine kuna benchi, na kwenye benchi kuna nini? Drafti. Ubao umechorwa kwa mkaa, kete ni visoda, vile vifuniko vya chupa, vingine vimelazwa chali vingine kifudifudi. Na aliyekuwa anawafunga watu wote ni Mzee Ntandu.

Mama mkubwa alitua debe lake. Akamwambia kijana aliyekuwa akisubiri zamu, "Nipishe."

Benchi zima likalipuka.

"Mama, hapa hatupeti mtama!"

"Mwacheni, anataka kuokota visoda akauze!"

Mama mkubwa akakaa, akavuta kitenge magotini. "Shemeji. Nikikufunga, Meneja anahamia kushoto. Ukinifunga, Dereva anahama. Tumalize."

Mzee Ntandu akacheka hadi akakohoa. "Nani alikufundisha drafti?"

"Unadhani yule rafiki yako, siku usipokuja, alikuwa anacheza na nani?"

Mzee akaacha kucheka.

Wakuu, nilisimama pale na neno langu kichwani. Watu wawili wanavuta visoda kwa kidole, draught moja baada ya nyingine, ili kuamua ng'ombe yupi atavuta plau upande gani. Kamusi yangu yote ilikuwa imekaa kwenye benchi moja, nje ya mashine ya kusaga. Nilitamani Mzee Seif angekuwepo.

Mama mkubwa alicheza polepole mno. Mashine ikazima, unga ukawa tayari, hakuna aliyekwenda kuuchukua. Katikati akasogeza kete moja mahali pa kijinga kabisa.

"Amelala huyo!"

"Kula, mzee, kula ni lazima!"

Mzee Ntandu akala. Akasogezewa nyingine. Akala tena, kwa sababu sheria inamlazimisha, lakini sasa mkono wake ulikuwa mzito, ameshaona. Mama mkubwa akainua kete yake, akaruka, akaruka, akaruka, akatua mstari wa mwisho.

"Kingi," akasema kwa sauti ndogo, na kete za mzee zilizobaki hazikuweza kumwokoa.

Kelele zilizopigwa pale, dereva wa lori aliyekuwa anapita barabara kuu alipunguza mwendo kutazama.

Ningeweza kuishia hapo, stori ingekuwa tamu. Lakini niliahidi ukweli.

Usiku ule mvua ilirudi, asubuhi Mzee Ntandu akaja na Meneja bila manung'uniko. Akamfunga kushoto mwenyewe. Meneja akapiga hatua chache, akakunja magoti, akalala.

Akainuliwa. Akalala tena. Mzee akawa na aibu, na aibu ikageuka hasira, akaanza kumchapa. Fimbo ilikuwa inalia. Mnyama amefumba macho, hajibu.

Mama mkubwa akamshika mzee mkono.

"Basi, shemeji. Tusimuue kwa ajili ya visoda. Tuwabadilishe."

"Lakini umenifunga."

"Nimekufunga. Udongo haujui."

Wakawabadilisha. Meneja akaenda kulia, akasimama kama aliyerudi kwao. Dereva akapelekwa kushoto, akaanza kutapatapa, anatafuta mfereji wake kwa mguu. Mama mkubwa akaninyang'anya kamba. Hakwenda mbele. Alitembea ubavuni pake, kiganja kimekaa shingoni, anamnong'oneza Kinyaturu. Niliomba kutafsiriwa baadaye, akakataa.

Mstari wa kwanza ulipinda vibaya, kama umelimwa na mlevi. Wa pili ulipinda kidogo. Nikawa nyuma yao, naangalia kile nilichokuja kukiangalia.

Shingo inashuka kwanza. Kisha mnyororo unanyooka, unakuwa mgumu kama chuma cha reli. Kwa muda hakuna kinachotokea, ardhi inakataa. Halafu inakubali, udongo unapinduka mweusi, unatoa harufu. Wale wanyama hawakuvuta kwa nguvu sawa wala kwa furaha. Mmoja alikuwa kwake, mwingine ugenini.

Jua lilipokuwa utosini tulikuwa tumevuka nusu ya shamba.

Wakati wa kupumzika Mzee Ntandu alikaa mbali kidogo, anakunywa maji. Kisha akaja, akachuchumaa mbele ya mama mkubwa.

"Shemeji. Mchezo nilishindwa mimi, aliyehama ni wako. Sasa Dereva ni wa kushoto na wangu ni wa kulia. Usimtafutie mwenzake mnadani. Hawa ni jozi mpaka wazeeke. Na kila mvua ikinyesha, shamba lako litangulie, langu lifuate."

Mama mkubwa akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge.

"Useme hivyo mbele ya mkwe wako, asije akanichukia bure shamba lenu likisubiri."

Mzee akaenda kumwita. Yule binti akaja anafuta mikono kwenye khanga, akapiga magoti kusalimia, akaambiwa mbele yetu sote. Akaitikia, "Sawa, baba." Kisha akachukua kopo la mbegu za alizeti, akaingia kwenye mifereji, akaanza kupanda shamba ambalo si lao.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki.

Nilikwenda nikiamini neno moja linaweza kuwa na maana nyingi. Nimerudi naamini ni tendo moja, limeajiriwa sehemu nyingi. Aliyelianzisha neno hilo lazima alikuwa nyuma ya mnyama, ameona mnyororo ukinyooka, na baadaye kila alipoona kitu kinakuja kwa shida kutoka mahali kisipotaka kutoka, akalikumbuka. Maneno makubwa mengi nadhani yametoka shambani, tumeyavalisha suti tu.

Sasa nawaachia jukwaa, na nina maswali ya kweli kabisa, si ya kunogesha uzi.

Kwenu, Nduguti, Usukumani, Mbeya, popote mnapolima na ng'ombe, mnamfundisha upande mmoja au pande zote? Na kama kuna aliyewahi kumhamisha maksai mzima, ilimchukua muda gani mpaka akaacha kutafuta mfereji wake kwa mguu? Mama mkubwa anataka kujua. Nitamsomea majibu yenu kwenye simu.