Kamba Niliyoifunga Kama Robota la Tumbaku

Sifa zote ni za Mungu aliyenitoa majini nikiwa hai, nikapata nafasi ya kusema haya bila kujitetea. Nilikosa. Hakuna aliyenituma.

Mimi ni mzee wa kanisa, mkulima wa tumbaku Urambo. Binti yangu anaishi mjini, mtaa wa Isevya, na mumewe, fundi wa mashua mwenye asili ya Ujiji. Mwaka huu mkwe wangu aliunda chombo cha mashindano: mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa, mlingoti mrefu, nahodha mmoja tu. Akishinda kule Kigoma, tajiri mmoja angempa kazi ya kuunda vingine.

Alikipeleka kwenye bwawa la Igombe kukijaribu. Siku tatu nilimtazama akikaza na kulegeza kamba za mlingoti, kidogo kidogo, akizigusa kwa kidole kama anayepima homa. Nikamwona mvivu. Sisi robota la tumbaku tunalikaza mpaka lilie!

"Baba," alisema akitazama chini, "hizi zinataka nafasi ya kupumua. Na kamba ya tanga haifungwi, inashikwa mkononi."

Nikamwambia nimefunga marobota kabla hajazaliwa. Akarudi kwenye kamba zake. Kwetu mkwe habishani na baba mkwe, nami nilijua hilo vizuri.

Siku ya nne, alipokwenda kula, nilizikaza kamba za mlingoti kwa nguvu zangu zote, nikapanda peke yangu na kuingia bwawani. Ile ya tanga ilinichosha mkono. Nikaifunga kwa fundo letu la robota, lile lisilofunguka bila kisu.

Upepo ukageuka. Mtumbwi mmoja ukanyanyuka hewani. Nikavuta fundo, likazidi kukaza. Nikavuta mpaka kucha zikatoka damu. Ee Mungu, mikono yote miwili ninayo, na hakuna ninachoweza! Mlingoti ukakatika, nikapinduka pamoja na chombo.

Mkwe wangu aliogelea akanitoa. Mashindano yalikuwa Jumamosi ya wiki ile ile, na mlingoti mpya haukupatikana. Kazi akapewa mtu mwingine.

Nilimwendea nyumbani nikamsihi anigombeze, hata neno moja. Alisimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba. Umeshakula?"

Nikaitikia marahaba.

Wazee wenzangu, mtu akikuheshimu hadi ashindwe kukukataza, usidhani amekuruhusu.

Nawe uliyenisikiliza hadi hapa, Mungu akujalie mikono inayojua kuachia mapema. Amina.