Siku Bata Mzinga Aliporudishwa Jikoni

Enzi zetu, wenzangu mliolelewa kwenye mashamba ya chai ya Nyacheki, Kisii, hakuna mtu aliyeuliza kama chakula ni cha leo au cha jana. Uliuliza kama kipo. Kikiwepo, ulinawa mikono.

Nasema hivi nikiwa bado nina hasira. Desemba hii tulikuwa kwa wakwe zangu Nyamira, na siku iliyofuata Krismasi nilimkuta wifi yangu mdogo, msichana wa chuo, anamwaga nusu ya bata mzinga kwenye shimo la takataka. "Imekauka, Mama Ryan," akaniambia. "Na ni ya jana. Nani atakula?" Nilikuwa nanyonyesha. Nilimfokea mpaka mtoto akaachilia titi akanitazama. Sitarudia hapa niliyomwambia. Nitawaeleza ninyi habari za bata mzinga mwingine, maana ninyi mtanielewa.

Desemba kwetu ilianza siku ripoti za shule zilipofika nyumbani. Waliostahili kuchapwa wakachapwa, kisha tukaachiliwa. Asubuhi tulichuma chai na wazazi, vikapu mgongoni, umande ukituloanisha mpaka kiunoni. Watoto wa leo ukiwapeleka shambani wanapiga picha na kikapu, na kikapu chenyewe ni kitupu. Mchana tulikata shina la mgomba, tukalikalia watatu watatu, tukateleza mlima wote hadi kijito kilichokuwa chini. Sketi ziliisha nyuma. Mama alikuwa akisema, "Hiyo sketi ni ya shule, si ya mlima," na kesho yake tukarudi mlimani na sketi ile ile.

Sisi Wasabato hatukuwa na mambo mengi ya Krismasi. Lakini watu wa Nairobi walirudi nyumbani siku hizo, na walirudi na njaa, kwa hiyo chakula kilipikwa kama cha harusi. Kilikuwa kinapikwa na shangazi yangu Moraa, dada mkubwa wa Baba. Mama yangu, ambaye ni mzaliwa wa Nyamira, alikuwa ameolewa pale miaka tisa na bado alikuwa wa kumenya ndizi. Shangazi alisema watu wa upande wa Mama wanajua kuchemsha tu. Mwaka ule ninaousimulia Shangazi aliumwa na mgongo, na ikaamuliwa Mama apike. Nilikuwa na miaka minane, lakini hata mimi nilijua kwamba siku ile Mama angepimwa.

Na Mama alikuwa na Chifu.

Chifu alikuwa bata mzinga. Mama alikuwa na rafiki Kisii mjini, Mama Zuhura, Mwislamu mwenye duka la nafaka na viungo, aliyekuwa akinunua ndizi zetu. Huyo ndiye aliyempa Mama mayai matatu. Mama akayaweka chini ya kuku. Kuku alipochoka kuatamia kabla siku hazijatimia, Mama akamfunika kwa tenga na kumwambia akae hapo kama wanawake wengine. Likaanguliwa yai moja. Kufikia Oktoba Chifu alikuwa mzito kuliko mbwa wetu. Alitembea ametoa kifua, anaburuza mabawa. Kichwa chake kilikuwa kipara, chekundu, na akikasirika kiligeuka buluu. Alinifukuza hadi chooni mara mbili na akabaki mlangoni akiningoja.

Babu yetu, mzee wa kanisa, tulimwita Sokoro kama watoto wote wa Kisii wanavyomwita babu. Nyumba yake ilikuwa juu, yetu chini kidogo. Mimi nilipewa jina la mama yake, Nyaboke, kwa hiyo aliniita Mama. Kila akimwona Chifu alimwuliza Baba, "Huyo wa Mama Zuhura mtampeleka lini mjini?" Baba alicheka tu. Sokoro alidhani tunamfugia mwenyewe. Hakuna aliyemsahihisha, na hilo ndilo lililokuwa kosa letu.

Ninyi wa kwetu mnajua chinsoni. Kwa asiyejua: baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na hazungumzi ovyo na mke wa mwanawe. Wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Kwa hiyo Sokoro hakuwahi kukanyaga jikoni kwa Mama, na neno likitakiwa kutoka juu kwenda chini lilibebwa na mtoto. Mtoto huyo alikuwa mimi.

Krismasi iliangukia Alhamisi. Mama alimchemsha Chifu mzima kwenye sufuria kubwa ya kuazima, kisha akamkaanga kwa mafuta, akimgeuza na miiko miwili mpaka akawa mwekundu kote. Baba alilibeba sinia hadi kwa Sokoro, mimi nyuma yake na bakuli la mchuzi. Nyumba ilikuwa imejaa. Watu waliinua shingo. Baba mdogo wa Nairobi akakamata paja kabla hata ya maombi.

Sokoro alivua kofia aombe, akalitazama sinia, akaivaa tena.

"Huyu ni yule?"

"Ndiye, Baba," akasema baba yangu.

"Yule mwenye kichwa cha tai."

Sokoro hakuwa mkali, ndiyo maana ilikuwa mbaya zaidi. "Mimi sijui kama Mungu anamjua huyu kuwa ni chakula," akasema. "Nipeni maharagwe."

Baba mdogo akarudisha lile paja polepole, kama mtu aliyeshikwa na kitu cha jirani. Shangazi Moraa, mgongo wake ukiwa umepona ghafla, akasema, "Jamani, mtu wa Nyamira ametuletea tai." Wakacheka. Wakala maharagwe, wali na mboga ya chinsaga, na sinia likarudi chini jinsi lilivyopanda.

Mama alilitazama sinia, akanitazama mimi, akalifunika kwa ungo. Baba akasema, "Wape mbwa yaishe." Mama akamwuliza, "Mbwa ndio wageni wangu?" Baba akatoka nje. Mama akaichemsha nyama tena kwa chumvi ili isichache, akaining'iniza juu ya moshi, akalala bila kula.

Ijumaa kwa Wasabato ni siku ya maandalizi, maana Sabato hakuna kupika, ni kupasha moto tu. Tangu asubuhi nyumba zote zilifuka moshi. Mama aliishusha nyama akaanza kuichambua kwa vidole. Ilikuwa kavu, sitadanganya. Kifua cha Chifu kilikuwa kama kamba ya katani. Mifupa akaitia kwenye maji akaiacha ichemke mpaka supu ikawa nyeupe. Akakaanga vitunguu vingi kuliko nilivyowahi kumwona akikata, akatia kitunguu saumu na tangawizi aliyotwanga kwenye kinu, kisha akafungua kipande cha gazeti kilichotoka dukani kwa Mama Zuhura. Ndani kulikuwa na bizari. Alipoimwaga kwenye mafuta, jikoni kulinukia kitu ambacho mimi sikuwahi kukinusa nyumbani kwetu. Nilipiga chafya, nikabaki pale pale. Nyanya zikafuata, zikapondeka, kisha supu ya mifupa, kisha viazi, na nyama mwisho. "Usiikimbize," aliniambia akipunguza kuni. "Iache inywe."

Kisha akanituma dania, iliyokuwa imepandwa karibu na nyumba ya Sokoro.

Nilimkuta Sokoro ameketi barazani na Maandiko yake ya Kiswahili mapajani. Miwani yake ilikuwa imepoteza kioo kimoja tangu wakati wa kuvuna mahindi. "Mama," akaniita, "njoo unisomee hapa. Macho yamekataa." Kidole chake kilikuwa kwenye orodha ya wanyama na ndege wasioliwa.

Sijawahi kufanya mtihani mgumu kama ule. Nilisoma ndege mmoja mmoja, na kabla ya kila jina nilingoja kumwona Chifu ametajwa. Tai alikuwepo. Kunguru, bundi, popo. Halafu kulikuwa na majina ambayo hata mwalimu wetu hangeyajua.

"Huyo ni ndege gani?" Sokoro akauliza.

"Sijui, Sokoro."

"Hata mimi sijui." Akasogeza kidole. "Wale tunaowajua wanakula nini?"

"Mizoga. Na panya."

"Na huyo wenu alikuwa anakula nini?"

"Mahindi, Sokoro. Na majani ya kabichi."

"Kama kuku."

"Kama kuku."

Habari za chura sikusema. Mwezi wa tisa nilimwona Chifu kwa macho yangu akimeza chura mzima, miguu ikining'inia mdomoni. Nilisimama pale na hilo neno kooni, nikaona uso wa Mama akilifunika sinia, nikalimeza kama Chifu alivyommeza chura. Miaka mingi ilipita kabla sijaona kuku wa Sokoro mwenyewe wakigombania chura nyuma ya boma. Siku hiyo ndipo nilipojisamehe.

Sokoro alifunga Maandiko. Nilichuma dania nikashuka, na Mama aliponiuliza kwa nini nimechelewa nikasema nilikuwa nasoma.

Sabato tulitoka kanisani mawingu yakiwa yameinama. Mama alikuwa ameandaa sufuria mbili: maharagwe na kabichi ya kwa Sokoro, na ile nyingine yetu. Alipoifunua ile yetu ili kuipasha, harufu ya bizari ilipanda mlima kabla yangu. Nilipofikisha maharagwe, Sokoro na Shangazi Moraa walikuwa tayari wametulia mezani, na Sokoro alikuwa amegeuza uso kuelekea kwetu kama mtu anayesikiliza.

"Mama," akaniambia, "niletee mchuzi kidogo wa kile mama yako amepika. Mchuzi tu. Mchuzi hauna kichwa."

Nilikimbia. Mama alisikia, akachota mchuzi juu juu, mwekundu kwa nyanya na manjano kwa bizari, bila hata uzi wa nyama. "Amesema mchuzi," akasema. "Mpelekee mchuzi." Na yeye alikuwa na kichwa chake, kigumu.

Sokoro alimega ugali wa wimbi, akachovya, akala. Akamega tena. Shangazi Moraa alikuwa anatazama mdomo wake. Alipomaliza, Sokoro alipangusa bakuli kwa kipande cha mwisho, akaninyooshea.

"Mwambie mama yako achote chini."

Nilishuka bila kugusa ardhi. Mama alikuwa ameinama kwenye sufuria na upawa mkononi.

"Amesema uchote chini."

Upawa ukasimama. "Amesema hivyo?"

"Ndiyo."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya Shangazi Moraa."

Mama hakucheka. Alizamisha upawa hadi ukagonga kitako cha sufuria, akautoa umejaa, akaurudisha tena. Viazi vilikuwa vimelainika na kushikana na nyama, na ile nyama iliyokuwa kamba ilikuwa imekunywa kila kitu alichoiambia inywe. Walioniona nimebeba bakuli lile walidhani nabeba yai, jinsi nilivyotembea.

Sokoro alikula mfululizo, akainua kichwa mara moja tu. "Nimesoma orodha yote," akasema, bila kumtazama mtu. "Hayumo." Shangazi alivumilia kwa dakika chache, kisha akashuka mwenyewe na sahani yake hadi mlango wa jikoni. "Mama Nyaboke, hiyo rangi umeitoa wapi?" Mama akamjibu, "Kula kwanza, tutaongea."

Shangazi alipoondoka na sahani iliyojaa, Mama aliketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu mbele ya mafiga, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia miaka tisa. "Haya," akasema. Hilo tu. Kisha akajichotea, na tukala pamoja mimi na yeye kutoka sufuriani, mvua ikianza kugonga mabati. Sijakula tena kitu kitamu namna hiyo, na nimejaribu kukipika mara nyingi. Desemba iliyofuata hakuna aliyeuliza nani atapika.

Siku hizi baba mkwe wangu anaingia jikoni kwangu, anafungua friji, anauliza soda iko wapi. Ni mzee mzuri na sina ugomvi naye. Chinsoni imelegea, na mara nyingi nashukuru, maana kuna mambo ambayo ningechelewa kuyasema kama ningengoja mtoto akue ayabebe. Lakini nikifikiria yule bata mzinga napata ahueni kwamba mambo yale yalitokea wakati ule. Leo sinia lile lingepigwa picha kabla halijapoa. Neno la tai lingeingia kwenye simu za ukoo mzima, jamaa walio Masimba na walio ng'ambo wangechangia, na Sokoro angelazimika kulitetea mpaka kaburini, kwa sababu mtu aliyesema mbele ya watu mia hawezi kurudi nyuma kwa bakuli moja la mchuzi.

Wakati ule mzee aliweza kukosea Alhamisi na kurekebisha Jumamosi. Katikati palikuwa na Ijumaa nzima, kila mtu na sufuria yake, na hakuna aliyemwuliza kitu. Wanangu nawapa chakula kizuri kuliko nilichopewa mimi. Ijumaa kama ile sijui nitawatolea wapi.